Kuhamisha Programu Pamoja na Historia Yake

Walimu wanne wakitunga pamoja karatasi moja ya mtihani, haipiti wiki kabla ya tatizo kuzuka. Wa kwanza amesahihisha swali la tatu. Wa pili, bila kujua, amelifuta swali hilo hilo. Wa tatu amechapa upya karatasi nzima kutokana na nakala ya juzi. Mwishowe mezani huwapo nakala nne, zote zimeandikwa "ya mwisho", na hakuna awezaye kusema ni ipi iliyo sahihi, nani aliyebadili nini, wala kwa sababu gani.

Watungaji wa programu za kompyuta hukutana na tatizo hilo hilo, lakini kwa kiwango kikubwa zaidi. Programu moja yaweza kuwa na mamilioni ya mistari, ikaandikwa na maelfu ya watu wasiojuana, waishio katika nchi mbalimbali, kwa muda wa miaka thelathini au zaidi. Hali hii ni ya kawaida hasa katika programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake yako wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa. Ili kazi yao isivurugike, watungaji hutumia programu nyingine ya kuwasaidia, iitwayo mfumo wa kutunza matoleo.

Makala haya yanakusudia kueleza kazi moja isiyoonekana na watumiaji wa kawaida, nayo ni kuuhamisha mradi wa programu huria kutoka mfumo mmoja wa kutunza matoleo hadi mwingine. Tutaona kwamba kuyahamisha maandishi ya programu yenyewe ni jambo la dakika chache. Kinachochukua miaka ni kuihamisha historia yake.

DAFTARI LA MABADILIKO

Mfumo wa kutunza matoleo waweza kufananishwa na daftari la stoo. Mtunza stoo hatosheki kujua kuwa leo kuna magunia arobaini. Anaandika pia yaliingia lini, yalitoka lini, nani aliyeyachukua na kwa kazi gani. Vivyo hivyo, kila mtungaji anapomaliza badiliko fulani, huliweka katika ghala la mradi pamoja na maelezo manne: badiliko lenyewe, jina la mwenye kuliweka, tarehe na saa, na sentensi chache za kueleza sababu. Kila uwekaji wa namna hiyo tutauita ingizo.

Faida ya maingizo haya ni kubwa. Kwanza, yakitokea makosa, mradi waweza kurudishwa katika hali yake ya jana, ya mwaka jana, au ya miaka kumi iliyopita. Pili, mtu yeyote aweza kuuliza juu ya mstari mmoja tu wa programu: nani aliuandika, na alikusudia nini? Mara nyingi jibu la swali hilo humzuia fundi asiuondoe mstari unaoonekana hauna maana, kumbe uliwekwa kuzuia hitilafu ambayo wengi wameshaisahau. Tatu, wawili au zaidi wanaweza kufanya kazi mbalimbali kwa wakati mmoja, kila mmoja katika tawi lake, kisha matawi yakaunganishwa.

Kwa hiyo ghala la mradi si mahali pa kuwekea maandishi tu. Ni kumbukumbu ya fikra za watu, wengine wao wakiwa wamekwisha acha kazi hiyo, na wengine wamekwisha fariki.

KUTOKA GHALA MOJA HADI MAGHALA MENGI

Mfumo wa kwanza uliojulikana sana ni SCCS, uliotungwa mwaka 1972 katika maabara za Bell, Marekani. Mwaka 1982 ulifuata RCS, wa Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue. Mifumo hii miwili ilitunza historia ya kila faili peke yake. Mwaka 1986 Dick Grune, huko Uholanzi, alianzisha CVS, ambao uliwawezesha watu wengi kufanya kazi juu ya mafaili hayo hayo kwa wakati mmoja. Baadaye ulitungwa Subversion, ambao kazi yake ilianza mwaka 2000 na toleo lake la 1.0 likatolewa mwaka 2004. Subversion uliondoa kasoro nyingi za CVS. Hasa, badiliko lililogusa mafaili kumi liliandikwa kuwa ingizo moja, lenye namba moja.

CVS na Subversion zilikuwa na msingi mmoja: ghala lilikuwa katika kompyuta moja kuu, na watungaji wote waliitegemea. Mtu aliyetaka kuweka ingizo, au kusoma historia ya mwaka uliopita, ilimpasa awasiliane na kompyuta hiyo. Mtandao ukikatika, kazi hizo zilisimama.

Mifumo ya kizazi kilichofuata, kama vile Bazaar, Mercurial na Git, iliuacha msingi huo. Katika mifumo hii kila mtungaji huwa na nakala kamili ya ghala, pamoja na historia yote, katika kompyuta yake mwenyewe. Anaweza kuweka maingizo, kufungua matawi na kuchunguza mambo ya kale akiwa safarini au mahali pasipo na mtandao. Akiupata mtandao, hubadilishana maingizo na wenzake. Zaidi ya hayo, kompyuta moja ikiungua, historia haipotei, kwa kuwa nakala zake zimetapakaa kwa watu wengi.

Kwa sababu hizi miradi mingi ilihama. Lugha ya Python, ambayo hutumiwa kufundishia katika shule na vyuo vingi, imehama mara tatu: kutoka CVS kwenda Subversion mwaka 2005, kwenda Mercurial mwaka 2011, na kwenda Git mwaka 2017. Hata DHIS2, programu huria ambayo wizara za afya za Tanzania na Kenya huitumia kukusanyia takwimu za vituo vya tiba, ilitunzwa katika Bazaar kabla ya kuhamia Git.

MNYORORO WA ALAMA

Ili kuelewa ugumu wa kuhama, yafaa kwanza tujue jinsi Git inavyolitambua kila ingizo. Subversion huyapa maingizo namba za kufuatana: 1, 2, 3 na kuendelea. Git haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu haina kompyuta kuu ya kugawa namba. Watu wawili walioko mbali wangeweza kuchukua namba moja. Badala yake, Git huyapitisha maandishi yote ya ingizo katika kanuni ya hesabu, na matokeo yake ni alama yenye tarakimu 40 za hesabu ya kizio cha kumi na sita. Idadi ya alama zinazoweza kupatikana ni 16 kwa kipeo cha 40, yaani namba yenye tarakimu 49 katika hesabu yetu ya kawaida. Hivyo ni vigumu mno maingizo mawili kugongana kwa bahati. (Mwaka 2017 watafiti wa Amsterdam na wa kampuni ya Google waliweza kutengeneza kwa makusudi hati mbili zenye alama moja. Tangu hapo Git imewekewa kinga dhidi ya hila hiyo, na pia njia ya kutumia kanuni yenye alama za tarakimu 64.)

Jambo la kutia maanani ni hili: miongoni mwa maandishi yanayopitishwa katika kanuni, imo pia alama ya ingizo lililotangulia. Kila ingizo, kwa hiyo, limeshikamana na lile lililo nyuma yake, kama pete za mnyororo.

Hebu tuchukue mfano mdogo ambao mwanafunzi aweza kuukokotoa mwenyewe. Tuseme kila ingizo lina thamani fulani, na alama yake hupatikana hivi: zidisha alama iliyotangulia kwa 7, jumlisha thamani ya ingizo, kisha chukua tarakimu mbili za mwisho tu. Thamani za maingizo manne ni 12, 30, 25 na 41, na tunaanza na alama 00.

Ingizo la 1: 0 × 7 + 12 = 12; alama ni 12.
Ingizo la 2: 12 × 7 + 30 = 114; alama ni 14.
Ingizo la 3: 14 × 7 + 25 = 123; alama ni 23.
Ingizo la 4: 23 × 7 + 41 = 202; alama ni 02.

Sasa tuseme tumegundua kosa katika ingizo la kwanza, kwamba thamani yake halisi ni 13, si 12. Tukikokotoa upya tunapata 13, 21, 72 na 45. Tumesahihisha ingizo moja tu, lakini alama zote nne zimebadilika.

Hali ni hiyo hiyo katika Git. Sifa hii ni kinga nzuri, kwani hakuna mtu awezaye kuichezea historia kwa siri. Nakala za wenzake zitamfichua mara moja. Lakini kwa mradi unaotaka kuhama, sifa hiyo ni onyo. Kabla ya kuhamia Git, kosa la mwaka 1993 laweza kusahihishwa bila kuwasumbua wengine. Baada ya kuhama, na watu wakishachukua nakala, kulisahihisha kosa hilo ni kubadili alama za maingizo yote yaliyofuata kwa miaka yote, na kuzifanya nakala za kila mtu zisilingane tena na ghala. Siku ya kuhama, basi, ni siku ya mwisho ya kusahihisha yaliyopita.

LINUX: WALIOONDOKA BILA MZIGO

Git yenyewe ilizaliwa kutokana na uhamaji wa ghafla. Linux, kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kilitunzwa tangu mwaka 2002 kwa mfumo uitwao BitKeeper. BitKeeper wakati huo haukuwa programu huria. Ulikuwa mali ya kampuni iliyowaruhusu watungaji wa Linux kuutumia bila malipo kwa masharti. Mwezi Aprili 2005, baada ya Andrew Tridgell wa Australia kuandika programu ya kusomea maghala ya BitKeeper bila kuutumia mfumo wenyewe, kampuni iliiondoa ruhusa hiyo.

Torvalds alianza kutunga mfumo wake tarehe 3 Aprili 2005. Kufikia tarehe 7 Aprili, Git ilikuwa inatunza historia yake yenyewe. Tarehe 16 Aprili, siku kumi na tatu tu tangu kuanza, Linux iliwekwa ndani ya Git.

Lakini iliwekwaje? Iliwekwa kwa ingizo moja, lenye mafaili zaidi ya 17,000 na mistari ipatayo milioni 6.7. Historia ya miaka mitatu ya BitKeeper haikuingizwa. Katika maelezo ya ingizo hilo Torvalds aliandika kwamba historia ipo, ila ingechukua nafasi ya gigabaiti 3.2 hivi, na ingeleta taabu isiyo ya lazima wakati Git ilikuwa bado changa. Yeyote atakaye aweza kuihifadhi baadaye katika ghala la pembeni. Ndivyo ilivyofanyika.

Hatuwezi kuulaumu uamuzi huo, kwani mwenye nyumba inayoungua hachagui vyombo. Hata hivyo, matokeo yake yapo hadi leo. Mtu akiuliza katika ghala kuu la Linux, "Nani aliuandika mstari huu?", na mstari wenyewe ukawa wa kabla ya Aprili 2005, atapewa jibu moja tu: Linus Torvalds, tarehe 16 Aprili 2005. Jibu hilo si kweli. Mistari hiyo iliandikwa na mamia ya watu. Atakaye kuwajua hana budi kulitafuta ghala la pembeni na kuliunganisha yeye mwenyewe na ghala kuu.

GCC: WALIOHAMA NA MZIGO WOTE

Sasa tuuangalie mradi uliochagua njia ya pili. GCC ni programu mfasiri: huyachukua maandishi ya lugha kama C na kuyageuza kuwa maagizo ambayo mashine yaweza kuyatekeleza. Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, na hadi leo programu nyingi za ulimwengu, Linux ikiwa mojawapo, hufasiriwa nayo. Historia yake ilipitia RCS, kisha CVS, kisha Subversion tangu Oktoba 2005. Ilipofika mwanzoni mwa mwaka 2020, ghala la Subversion lilikuwa na maingizo yapatayo 280,000.

Mwaka 2015 Eric Raymond, mtungaji wa programu iitwayo reposurgeon, ambayo kazi yake ni kutengeneza na kufasiri historia za maghala, alianza kushughulikia uhamaji wa GCC. Kazi hiyo ilikuja kukamilika Januari 2020. Kwa nini miaka karibu mitano? Matatizo makubwa yalikuwa manne.

La kwanza: maingizo yaliyovunjika. Tumekwisha sema kwamba RCS na CVS zilitunza historia ya kila faili peke yake. Mtu aliyebadili mafaili matatu kwa kusudi moja aliacha kumbukumbu tatu zisizofungamana. Anayehamisha hana budi kuziunganisha kwa kukisia: ikiwa kumbukumbu tatu zina jina moja, maelezo yale yale, na zimepishana kwa sekunde chache, basi yaelekea zilikuwa badiliko moja. Zikiwa zimepishana kwa saa nzima, yaelekea sivyo. Katika GCC sehemu kubwa ya makisio haya ilifanywa wakati wa kuhamia Subversion mwaka 2005, na pale yalipokosewa, makosa yaliendelea kuishi katika ghala jipya. Kila uhamaji huacha makovu, na anayehama tena huyakuta.

La pili: matawi. Katika Subversion, kufungua tawi ni kunakili folda moja na kuipa jina jingine. Hakuna kitu kinachomzuia mtu kunakili folda mahali pasipostahili, au kuhamisha tawi, au kulifuta na kuanzisha jingine kwa jina lile lile. Tena, kabla ya toleo la 1.5 la mwaka 2008, Subversion haikuandika kwamba tawi fulani liliunganishwa na jingine; mtu aliyafahamu hayo kwa kusoma maelezo tu. Git, kwa upande wake, hutaka kujua waziwazi kila ingizo lilitokana na ingizo lipi. Programu ya kuhamisha, kwa hiyo, ilibidi iisome historia kama mpelelezi, ikitofautisha tawi la kweli na folda iliyonakiliwa kwa bahati mbaya.

La tatu: namba za zamani. Kwa muda wa miaka kumi na minne watungaji wa GCC waliandikiana kwa kutaja namba za Subversion: "hitilafu hii ilianza katika ingizo r123456", kwa mfano. Namba hizo zimo katika taarifa za hitilafu, katika barua na ndani ya maelezo ya maingizo mengine. Git haina namba hizo. Ili marejeo yote yasigeuke kuwa milango isiyofunguka, kila ingizo lililohamishwa kutoka Subversion liliongezewa mstari mmoja mwishoni mwa maelezo yake, unaotaja namba yake ya zamani.

La nne, ambalo pengine ndilo zito kuliko yote: nani hasa aliandika?

HAKI YA MWANDISHI

Katika mradi kama GCC si kila mtu anayeruhusiwa kuweka ingizo moja kwa moja. Mtungaji mgeni huandika badiliko lake na kulituma. Mwenye ruhusa hulikagua, na likifaa, huliweka ghalani. Subversion iliandika jina la mtu mmoja tu, yaani aliyeliweka, tena kwa jina fupi la akaunti yake. Mwandishi halisi hakutajwa mahali pa jina. Mtu asiyejua angesoma historia hiyo akadhani kwamba wachache wenye ruhusa waliifanya kazi yote.

Git hutenganisha watu hawa wawili. Kila ingizo lina nafasi ya mwandishi na nafasi ya mwekaji, na kila mmoja hutajwa kwa jina lake kamili na anwani ya baruapepe. Swali likawa: majina ya waandishi halisi yatapatikana wapi, ikiwa ghala la zamani halikuyaandika?

Jibu lilipatikana katika desturi ya kale. Tangu mwanzo watungaji wa GCC walikuwa na mafaili ya kumbukumbu za mabadiliko yaliyoandikwa kwa mkono ndani ya programu yenyewe. Kila badiliko lilipaswa kuandikwa humo likiwa na tarehe, jina la mwandishi na anwani yake, na mafaili yaliyoguswa. Wengi waliiona desturi hii kuwa usumbufu, kwani ilikuwa kama kuandika jambo moja mara mbili. Lakini wakati wa kuhama, reposurgeon iliweza kuyasoma mafaili hayo: ikiwa ingizo fulani liliongeza humo mistari inayoanza kwa jina la mtu fulani, basi huyo ndiye mwandishi, hata kama aliyeliweka ni mwingine. Kwa njia hii watu waliotuma kazi zao miaka ishirini iliyopita, ambao majina yao hayakuwahi kuonekana katika ghala, walirudishiwa majina yao katika nafasi inayostahili.

Kama historia ingehamishwa upesi bila uchunguzi huu, uonevu huo ungeingia katika mnyororo wa alama, na kuuondoa baadaye kungekuwa vigumu mno, kwa sababu tulizokwisha eleza.

KUPIMA UKWELI WA KAZI

Mwanasayansi akimaliza kipimo huuliza: nitajuaje kwamba sijakosea? Hata hapa swali hilo lilikuwa na uzito.

Kipimo cha kwanza ni rahisi kukieleza. Chukua kila tawi na kila toleo lililotolewa. Toa mafaili yake katika ghala la zamani na katika ghala jipya. Yalinganishe herufi kwa herufi. Yakitofautiana hata kwa herufi moja, kuna kosa. Hata hivyo lazima mpimaji awe macho, kwani kuna tofauti zisizo makosa. Git, kwa mfano, haitunzi folda tupu, na Subversion huitunza.

Lakini kipimo hiki hakitoshi. Mafaili yanaweza kulingana kabisa na historia ikawa imeharibika: waandishi wamechanganywa, au tawi limeunganishwa mahali pasipo pake. Ni kama hesabu ya mwanafunzi ambayo jibu lake ni sahihi na njia yake imekosewa.

Kwa hiyo kilitumika kipimo cha pili. Mbali na kazi ya reposurgeon, mtungaji mwingine wa GCC, Maxim Kuvyrkov, alitengeneza ghala jingine la majaribio kwa njia tofauti na kwa zana tofauti. Maghala hayo mawili yakalinganishwa. Pale yalipokubaliana, imani iliongezeka. Pale yalipotofautiana, ilibidi kuchunguza ni lipi lililokosea. Huu ndio msingi unaofundishwa katika maabara za shule: vipimo viwili vilivyofanywa kwa njia zisizotegemeana vina thamani kuliko kipimo kimoja kilichorudiwa mara mbili, kwa sababu njia moja ikirudiwa hurudia na makosa yake.

Kulikuwa pia na tatizo la kasi. Historia ikiwa na maingizo 280,000, jaribio moja la kuhamisha lilichukua muda mrefu, na majaribio yalihitajika kuwa mengi. Reposurgeon ilikuwa imeandikwa kwa Python. Raymond aliona kwamba haitafaa kwa mzigo huo, akaiandika upya kwa lugha ya Go. Hiyo nayo ilikuwa kazi kubwa: zana ilijengwa upya ili kazi moja iweze kufanywa.

SIKU YA KUHAMA

Mwishoni mwa wiki, tarehe 11 na 12 Januari 2020, ghala la Subversion lilifungwa lisipokee maingizo mapya, ingawa kusomwa liliendelea kusomwa. Uhamishaji wa mwisho ukafanywa, na ghala la Git likafunguliwa. Matawi yaliyokuwa yamefutwa zamani hayakutupwa. Yaliwekwa katika sehemu ya pembeni ya ghala, ambayo mtu hapati nakala yake isipokuwa akiiomba. Kwa njia hiyo mizigo ya zamani ilihifadhiwa bila kumlemea kila mgeni.

Si kila kitu kilipatikana. Namba za kufuatana zilikuwa na uzuri wake: mtu alijua mara moja kwamba 280,000 imekuja baada ya 279,000. Alama za Git hazisemi lolote juu ya utangulizi, na watungaji waliikosa faida hiyo. Waliitatua kwa kuhesabu maingizo tangu mwanzo wa maandalizi ya kila toleo kuu, wakayapa namba za kufuatana pembeni ya alama. Vilevile ilibidi kila mtu ajifunze maagizo mapya, na taratibu zilizotegemea Subversion ziandikwe upya. Gharama hiyo haiepukiki, na mradi unaotaka kuhama yafaa uihesabu mapema.

FUNZO

Tumeona miradi miwili. Linux iliondoka kwa haraka na kuiacha historia nje ya mlango; ilikuwa na sababu, na ililipa gharama. GCC ilingoja miaka, ikaibeba historia yote, na ikaitumia safari yenyewe kurekebisha yaliyokosewa. Jambo linaloziunganisha ni kwamba mfumo wa kutunza matoleo hubadilika. SCCS, RCS, CVS na Subversion zilikuja zikapisha nyingine. Hapana sababu ya kuamini kwamba Git itakuwa ya mwisho. Kinachopaswa kudumu ni kumbukumbu, nayo hudumu tu ikiwa kila mtungaji ataandika leo, waziwazi na kwa ukamilifu, alichofanya, sababu yake, na jina la aliyekifanya. Wale walioandika majina katika mafaili ya GCC miaka ya 1990 hawakujua kwamba siku moja mashine ingeyasoma ili kuwarudishia wenzao haki yao. Waliandika kwa sababu kanuni ilisema hivyo, na wakaandika vizuri.

MAZOEZI YA DARASANI

1. Katika mfano wetu wa mnyororo, badili thamani ya ingizo la tatu kutoka 25 kuwa 26. Ni alama zipi zinazobadilika, na zipi zinazobaki? Eleza sababu.

2. Rudia mfano ule kwa kuzidisha kwa 10 badala ya 7, kwanza kwa thamani 12, 30, 25 na 41, kisha kwa 13, 30, 25 na 41. Linganisha alama za ingizo la tatu na la nne katika majibu yote mawili. Kwa nini 10 haifai kwa kazi ya kulinda historia?

3. Wanafunzi wanne watunge pamoja insha ya ukurasa mmoja kwa muda wa wiki, na kila badiliko liandikwe katika daftari: tarehe, mwandishi, aliyelikubali, na sababu. Mwisho wa wiki kundi jingine, ambalo halikuhudhuria, lijaribu kueleza kwa kutumia daftari hilo tu kwa nini kila sentensi iko jinsi ilivyo. Pale watakaposhindwa, darasa lijadili ni neno gani lililokosekana katika daftari.